Intakula Kabla ya Jumamosi

Benchi la Muhonja linatazamana na gereji ya Makhanu, upande ule wa mji wa Kakamega ambako lami huishia bila kuaga. Muhonja huuza kahawa ya tangawizi na njugu, na wateja wake hununua kikombe kimoja kisha hukaa juu yake kama kuku. Asubuhi hiyo walikuwepo wote. Ignatius, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kufunga pampu ya maji na ikatoa maji. Erastus, aitwaye Fahali, mfuga ng'ombe wa kupiganisha. Willis, karani wa kaunti, aitwaye Gugo kwa sababu kama ile ya kwenye simu, hujibu kabla swali halijaisha. Katikati yao aliketi Andati, mwenye gari, amepakata intakula mpya, kile kipozahewa cha injini, yenye upana wa mlango wa kabati.

Andati alikuwa na shida moja, nayo ilikuwa na tarehe. Jumamosi angerudi Lumakanda, kwa kina Sylvia, kumalizia maneno ya mahari. Mara ya kwanza gari lake la turbo lilikuwa limekwama katikati ya kilima cha kuingilia bomani, kwenye matope, mbele ya wenyeji waliokuwa wamejipanga kuwalaki. Likasukumwa. Miongoni mwa waliolisukuma, leso kiunoni na mikono miwili kwenye buti, alikuwa mama yake Sylvia. Mavyala wake, mama mkwe mwenyewe! Mtu ambaye Andati hatakiwi hata kumpa mkono, ambaye wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani kwa heshima, alikuwa amemsukuma hadi mlangoni kama toroli. Tangu siku hiyo Sylvia alikuwa akijibu simu kwa neno moja: "Sawa." Mama hakuwa amesema lolote, na hakuna aliyejua kama Jumamosi ingekuwepo.

Ng'ambo ya barabara, Makhanu alisimama mbele ya gari lililovuliwa bampa, grainda mkononi.

— Andati! Hii kitu haiwezi kuingia bila kukata chuma ya mbele. Nikate ama nisikate?

— Ngoja kidogo, fundi. Tunajadiliana.

— Hakuna cha kujadili, alisema Injinia. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, niliskia injini ikikata tamaa. Turbo inasukuma hewa ndani ya injini, sivyo? Hewa ikisukumwa inapatanga moto. Hewa moto haina nguvu. Sasa intakula kazi yake ni kupoza hiyo hewa. Ile ya zamani imekaa juu ya injini, yaani imekalia jiko. Hii kubwa itakaa mbele, ipigwe na upepo.

— Upepo gani, na tulikuwa tunaenda mwendo wa kinyonga? aliuliza Fahali.

— Upepo wa kawaida. Uko kila mahali.

— Injinia, mimi nimefuga mafahali tangu baba yangu aniachie fimbo. Mnyama wa kupigana unamtoa alfajiri, umande ukiwa chini. Ukimtoa saa nne, amekwisha. Gari ni hivyo hivyo. Tutoke Kakamega usiku usiku, tupande kile kilima kabla jua halijatoka.

— Tufike kwa wakwe saa kumi na moja asubuhi? Gugo aliguna. Watadhani tumekuja kuiba kuku.

Andati alicheka kidogo. Moyoni alishukuru. Kila dakika waliyozungumzia hewa ilimwondolea lile tukio kifuani. Kosa likiwa la hewa, basi si la mtu, na hewa haina mama.

— Shida yenu hamfikirii jiografia, Gugo aliendelea. Hewa haifanani. Hewa ya Lumakanda ni ya mahindi. Nzito. Ina vumbi la mahindi. Hewa baridi kabisa nchini iko hapa kwetu, msituni. Jumamosi tupitie msituni, intakula ishibe, ndio tuende.

— Msitu uko huku, Andati alisema akionyesha. Lumakanda iko kule.

— Ndio nimesema tupitie. Sijasema iko njiani.

— Na hiyo hewa ya msitu itakaa ndani mpaka Lumakanda?

— Kama bomba imefungwa vizuri. Si kahawa inakaa kwa thamosi ya Muhonja siku nzima?

— Usitaje thamosi yangu, alisema Muhonja.

Injinia alikuna kidevu. Hakupenda kupitwa kwa ujinga na karani.

— Kuna njia fupi. Barafu. Tunaomba barafu kwa wale wauza samaki, tunafunga na gunia mbele ya intakula. Hewa inaingia ikitetemeka.

— Tutafika tukinuka omena, buda! Gugo alilalamika.

— Heri kunuka omena kuliko kusukumwa.

— Na tuweke intakula mbili, alisema Fahali. Moja ya mbele, moja ya nyuma. Fahali ana pua mbili.

— Ya nyuma itapoza nini?

— Mizigo. Mimi nilikaa na zile kreti za soda na gunia la sukari kwa magoti mpaka mwisho. Zilikuwa zinachemka.

— Nikate? aliita Makhanu.

Andati alikuwa ameshainua mkono kumwambia akate, akauona mkono wa mtu mwingine ukigusa intakula kwa kidole kimoja, jinsi mtu anavyopima kama chungu kina moto. Alikuwa Beldina, senge yake Sylvia, yaani shangazi, dada wa marehemu baba yake. Andati alisimama nusu, intakula ikamrudisha chini.

— Mulembe, senge!

— Mulembe. Nimekutafuta mpaka kazini kwako. Hii ni nini?

— Ni ya kupoza hewa, senge. Gari lipande vizuri Jumamosi.

— Aha.

Aliitazama, akawatazama wenye kahawa mmoja mmoja. Walimjua naye aliwajua. Hawa ndio waliokuwa wasemaji wa Andati siku ile, maana ami zake wote wako mbali.

— Mama Sylvia amenituma. Hajakasirika, anasema. Amefikiria tu, na amebaki na swali moja. Jibu nikimpelekea, ndio ataamua kama Jumamosi jiko litawashwa.

— Uliza, senge, alisema Gugo. Chochote.

— Anasema alipofika nyuma ya gari kusukuma, aliona vichwa vinne vya wanaume ndani. Na mwisho wa kilima bado vilikuwa vinne. Anauliza, mbona hamkushuka?

Gugo alianza kuhesabu njugu zilizobaki kiganjani. Fahali alichungulia ndani ya kikombe. Injinia alifungua mdomo.

— Unajua, mama, hewa ikiwa...

— Nyamaza, Ignatius, alisema Andati.

Aliiweka intakula chini, polepole.

— Jumamosi tutaacha gari barabarani, senge. Tutapanda kwa miguu, na mizigo kichwani.

— Na matope? aliuliza Injinia.

— Na matope.

— Hilo ni la Jumamosi, alisema Beldina. Yeye ameuliza la siku ile.

Andati alitafuta jibu. Alipitia matope, viatu vyake vipya, usukani, vile kila mmoja alivyomngoja mwenzake afungue mlango. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa kupelekewa mtu mzima.

— La siku ile sina, senge. Sina jibu.

Beldina alifungua fundo la leso, akatoa sarafu.

— Basi nitamwambia hivyo hivyo. Muhonja, nipe kahawa, nimetembea sana.

Akageuka kutafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa. Wanaume wanne wakainuka kwa pamoja, kwa kasi ambayo Lumakanda haijawahi kuiona, hata kahawa ya Fahali ikamwagika, na Beldina akaketi katikati ya ubao mtupu.