Mama Docteur wa Vichwa: Kwaheri kwa Daktari Adèle Bolumbu

Tarehe 31 Julai 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya Tshopo, Daktari Adèle Bolumbu anastaafu. Hapa Kisangani wengi hawalijui hata jina lake la ukoo. Kwao yeye ni Mama Docteur wa vichwa.

Alipofika kutoka Isangi, sisi wauguzi tulikuwa na jibu moja kwa kila kichwa kilichouma: malaria. Yeye alivuta kiti, akauliza. Kinauma upande mmoja? Kinadunda? Mwanga unakuudhi? Ndivyo tulivyojifunza kutofautisha kipandauso, chenye kudunda na kichefuchefu, na kichwa cha homa au cha presha iliyopanda mno. Kipandauso alikuwa nacho mwenyewe. Kikimshika, alifunga mapazia na kuendelea kupokea wagonjwa gizani. Walioingia walidhani umeme umekatika, wakammulika usoni kwa tochi za simu. Tulicheka sana, yeye alicheka kesho yake.

Ninayemkumbuka zaidi ni Léon, fundi kutoka Bangboka, kule kwenye uwanja wa ndege. Kila siku, saa ile ile, maumivu yalimchoma nyuma ya jicho la kushoto. Jicho lilitokwa na machozi, naye akagonga kichwa ukutani. Alikuwa ameng'olewa meno mawili bure. Ndugu zake walikata shauri kwamba amerogwa, na kwamba mchawi ni shangazi yao mzee, Mama Chimène. Walikuwa wamekwisha kumfukuza nyumbani.

Mama Docteur aliwaita wote kliniki, na shangazi pia. Maumivu yalipoanza mbele yao, alimvalisha Léon barakoa ya oksijeni. Kidogo kidogo mabega yakashuka, Léon akainua uso.

“Maumivu inaenda,” alisema. “Mama, inaenda kweli!”

“Haiko ndoki wala uchawi, papa,” Mama Docteur alimwambia kaka mkubwa. “Iko mambo ya mishipa ya kichwa. Inakuya kwa musimu, na bia inaichokoza. Juu ya nini imushike Léon, hapana mwingine? Hata sisi ba-docteur hatujue yote. Lakini huyu mama hakufanya kitu.”

Kaka aliinuka. Kisha akauchukua mfuko wa shangazi, wakatoka pamoja. Maumivu ya Léon bado hurudi kila mwaka, ila siku hizi anajua pa kukimbilia. Mama Chimène aliishi nyumbani kwao hadi uzee ulipomchukua.

Vyumba vyetu vitakuwa kimya bila sauti yako, Mama Docteur. Asante kwa kutufundisha kukaa chini na kusikiliza kabla ya kuandika dawa. Unarudi Isangi, kwa wajukuu na samaki wabichi wa mtoni, na tunajua foleni itaanza mlangoni pako kabla hujafungua mizigo. Ndugu wa Isangi, tunawasihi: mwacheni apumzike kwanza. Pumzika vizuri, Mama, uishi maisha marefu na matamu.