Makuti ya Msikiti Wetu wa Kanga

Assalaamu alaykum, ndugu zangu wa Bweni! Mimi ni Mwanaidi, mama yake Zuhura, wa mtaa wa Pwani kule Kanga. Nasimama kumshukuru Mola aliyeniokoa na ukaidi wa watu wazima wenye ndevu! Mmeniita kwa sababu nanyi mmegombana. Basi nisikilizeni, maana uvumilivu wangu ulikwisha zamani.

Ndugu zangu, ugomvi wetu ulianza na ng'ombe. Ng'ombe wa Bwana Seifu wa mtaa wa Juu walitoka zizini wakala mihogo ya mdogo wangu Hamadi. Hamadi akamkata mmoja mguu kwa panga. Bwana Seifu akafunga kisima, kwa kuwa kisima kiko kwake. Sisi tukafunga njia ya kwenda pwani, kwa kuwa njia iko kwetu. Haya! Wao wana maji hawana kitoweo, sisi tuna kitoweo hatuna maji. Nilichota maji ya chumvichumvi kwenye kidimbwi nikapikia samaki, nikala huku nalia kwa hasira. Watu wana akili timamu hawa?

Na Zuhura wangu ameolewa huko huko Juu, kwa mtoto wa nduguye Bwana Seifu. Akashika mimba yake ya kwanza. Nyote mnajua, mimba ya kwanza binti huja kuzalia kwa mamake. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukaingia, Bwana Seifu akatuma neno: mke wetu hatoki kwenda kwa wakata ng'ombe. Ndugu zangu! Dada yangu mkubwa alifia uzazini, mikononi mwangu. Kila nikilala naisikia sauti yake. Nikamwomba Mungu mpaka magoti yakaota sugu.

Wazee wakaweka baraza, ikavunjika. Wakaweka nyingine, ikavunjika. Hamadi anasimama kutaja babu zake, Bwana Seifu anasimama kutaja wake hadi Maskati, wanasema wote kwa pamoja, kisha kila mmoja anakwenda zake akilalamika kuwa mwenzake hasikii. Bwana Seifu akaapa kwenda Chole kutushitaki kwa Mdachi, mtawala wetu. Mdachi aje atuchape sote viboko, ndipo mihogo irudi?

Mungu akaleta mvua. Paa la msikiti likavuja, watu wakasali wamelowa. Na kwetu paa la msikiti halinunuliwi. Kila nyumba huketi uani kusuka makuti. Mwalimu Kombo, imamu wetu, ni mtu mpole, lakini siku ile alichoka. "Makuti ya watu waliotengana siyapandishi juu ya nyumba ya Mungu!" Akaketisha mtu wa Juu na mtu wa Pwani kwenye kuti moja. Huyu anasema lililomuuma, yule anasuka kimya. Kisha aliyesuka anawaeleza watu wote alichosikia. Akikosea, kuti linafumuliwa, wanaanza upya!

Ndugu zangu, sijapata kuona watu wazito wa kusikia kama sisi. "Hamadi anasema mihogo yake ililiwa kwa uzembe wake mwenyewe," akasema Bwana Seifu.

"Sikusema hivyo!"

"Fumua," akasema Mwalimu. Kuti lao lilifumuliwa mpaka likachanika, likaletwa jingine. Nilitamani kuwapiga nalo.

Lakini pale kila mtu alipata zamu, hata wale ambao barazani hakuna anayewatazama. Mvuvi mmoja wa kwetu akasema miti ya zizi la Bwana Seifu waliing'oa wao wavuvi, wakajengea uzio wa kutegea samaki. Kila mwaka zizi likijengwa upya, bibi yake Bwana Seifu alikuwa akiwaachia miti ya zamani. Bibi alipofariki wakaenda kuchukua kama kawaida. Kumbe mwaka ule hakuna aliyejenga upya! Bwana Seifu hakuijua ruhusa ile. Hamadi hakujua kuwa zizi liliachwa wazi na watu wa mtaa wake. Kiu yote ile, kwa miti michache! Hamadi akainamisha kichwa. "Bwana Seifu, nimekudhulumu. Zizi nitalijenga mimi."

Ikaja zamu yangu, na anayenisukia ni Bwana Seifu. Nikamweleza habari za dada yangu. Akageukia watu. "Mwanaidi anasema alimshika dada yake mpaka mwili ukapoa. Anasema Zuhura..." Akashindwa kuendelea. Mwalimu hakusema fumua.

Jioni ile ile Zuhura aliletwa kwangu, na Bwana Seifu mwenyewe kabeba mtungi wa maji ya kisima. "Mkwe," akasema, "nimekuletea mwanao." Zuhura akajifungua salama, mtoto wa kiume. Alhamdulillahi!

Basi, ndugu zangu, acheni kuchagua wasemaji. Mtegemeeni Mungu, ketini wote, na kila mtu ayaseme ya mwenzake kabla ya yake. Aliyetufungulia sisi atawafungulia na ninyi.

Ila msidhani tumekuwa malaika! Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, Bwana Seifu alitaka jina la babu yake, na Hamadi naye akataka la babu yake. Wakaanza kusema wote kwa pamoja! Nikampakata mjukuu wangu, nikatoka uani, nikarudi na kuti bichi, nikawatupia miguuni.

Wakatazamana. Wakaketi, wakaanza kusuka.