Dada Malaria Gani Anavua Sare

Ifikapo tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwauguza wagonjwa wa akili, muuguzi mkuu wa wodi yetu atakabidhi funguo na kwenda zake nyumbani. Wengi wetu tulimkuta hapa. Alitufundisha kazi, akatugombeza, akatuchemshia chai. Leo, kwenye hafla ya kumuaga, tunajifanya tumefurahi.

Alianza kazi wakati wodi ina mlango wa chuma, na wafanyakazi wa wodi nyingine wakiupita mbio mbio. Mgonjwa akipiga kelele, dawa yake ilikuwa kufungwa kamba. Yeye, binti mwembamba aliyetoka chuoni juzi, akawa anakaa kitandani kwa mgonjwa na kumsikiliza mpaka atulie. Wenzake walimcheka, eti naye kashaanza kuugua. Wala hakujali. Polepole kamba zikakosa kazi, na mlango ukawekwa wa mbao.

Jina lake la utani, Malaria Gani, sote tunalijua. Ndugu wakimleta mgonjwa na kuulizwa ana nini, jibu lilikuwa lile lile: malaria imempanda kichwani. Kijana anasikia sauti mwaka wa tatu sasa, malaria. Mama aliyejifungua hataki hata kumgusa mwanawe, malaria. Basi dada yetu huvuta kiti, miwani puani, na kuuliza ni malaria gani hiyo isiyosikia dawa ya malaria. Kisha huwaeleza taratibu kwamba akili nayo huugua kama tumbo linavyougua, kwamba hakuna aliyeroga mtu, kwamba vidonge huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu na kuviacha ghafla ni kujitafutia balaa, na kwamba mgonjwa akitoka hapa anahitaji kazi na maongezi kama anavyohitaji dawa. Watu waliingia wamenuna, wakatoka wanataniana naye.

Halafu ugonjwa ukabisha hodi kwake mwenyewe. Kitinda mimba wa mama yao, fundi cherehani aliyelelewa mgongoni mwa dada yetu, alianza kuwaona wateja kuwa wapelelezi. Akafunga duka, akazichana nguo za watu. Na dada yetu, jamani, huyu huyu, akawaambia majirani kuwa mdogo wake ana malaria! Alimficha chumba cha nyuma huku akija kazini na tabasamu lake. Mke wa fundi akachoka, akachukua watoto, akarudi kwao.

Asubuhi moja dada aliingia wodini amemshika fundi mkono. Kwenye kikao alisimama akatuambia kuwa huyu ni mdogo wake, anaumwa akili, na amechelewa kumleta kwa sababu ya aibu tu. Akalia mbele yetu sote. Mpishi wa wodi akaenda kumletea maji.

Matibabu hayakuwa lelemama. Fundi alipata nafuu, akaacha dawa, akaanguka tena. Dada alimfokea kweli kweli. Kumbe vile vidonge vilimtetemesha mikono, akawa hawezi kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, na fundi asiyeshona atarudishaje familia yake? Dada alipojua, alimwomba radhi, kisha akambana daktari mpaka dawa ikabadilishwa. Toka hapo kila mgonjwa wetu huulizwa kwanza dawa inamfanya nini, ndipo aulizwe kama ameimeza. Utaratibu huo ni wa dada, na tutaufuata.

Mikono ilitulia, cherehani ikafufuka. Mke wa fundi alirudi baadaye, kwa masharti yake, na hakuna aliyemlaumu.

Siri ya mgonjwa ni siri, hilo alitufundisha yeye. Kwa hiyo tulipoandika wasifu huu mara ya kwanza, fundi hakuwemo kabisa. Ni fundi mwenyewe aliyeusoma, akatuuliza mbona amefichwa tena. Alitaka iandikwe kuwa bado anatumia dawa, kuwa ndiye aliyeshona gauni alilovaa dada leo, na kuwa ana dada aliyemlea mara mbili.

Haya, tumeandika. Dada, asante sana kwa ulivyotulea na sisi. Uwe na afya, usingizi wa kutosha na siku njema nyingi. Mdogo wako amekaa mstari wa mbele, na wanawe.