Kabla Nelius Hajanunua Fleti

Tii.

Mlio ulikuwa mmoja tu, na Nyamu akafumbua macho gizani. Simu ilimulika ukuta. Ulikuwa ujumbe wa Mutegi: "Mdubai, kesho wahi kijiweni. Saa nne nasimama mbele ya bodi ya ardhi, niuze shamba la Siakago. Binti yangu Nelius ananunua fleti huko kwenu Dubai. Wewe ndiye unajua, njoo uniambie aangalie nini." Nyamu aliusoma mara mbili, akailaza simu kifudifudi, na usingizi haukurudi.

Kijiwe chao kiko mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini: benchi moja refu la mbao mbele ya kibanda cha Cicily, mama wa kahawa. Asubuhi za Julai manyunyu hayaishi, kwa hiyo wanaume hukaa wamebanana chini ya bati kama magunia ya ndengu. Mwisho wa benchi hukaa Elphas, anayeitwa Hakimu. Hajawahi kuhukumu mtu. Kwa miaka thelathini alisimama mlangoni mwa mahakama akiita majina ya wenye kesi. Kahawa ya asubuhi hulipa yeye, tangu kitinda mimba wake, Muriithi, aende Ghuba. Karibu naye ni Kaberia, Mmeru wa Kiirua, fundi wa mabomba, na wao humwita Tanki. Halafu Mutegi, mwalimu mstaafu. Halafu Nyamu mwenyewe, Mdubai, aliyeendesha gari la hoteli Dubai miaka kumi na mmoja, akarudi miaka minne iliyopita. Kila mtu pale anajua kwamba Nyamu aliacha fleti huko, ghorofa ya kumi na nne, na wapangaji wanalipa. Nyamu peke yake ndiye anayejua kwamba fleti hiyo haipo, na haijawahi kuwapo.

— Mwalimu na tai! — Kaberia alipasua kicheko Mutegi alipofika. — Unaenda kuoa, ama unaenda kuzikwa?

— Naenda bodi, Tanki. Huwezi kusimama mbele ya serikali na sweta ya kulimia.

— Na Mama Nelius amekubali? — aliuliza Cicily, birika mkononi.

— Amekubali. Lazima aseme ndiyo mbele yao, na atasema. Nimemwacha nyumbani anajifunga kitambaa. Analia tu kidogo.

— Shamba lote?

— Ekari mbili zote. Sina ingine.

— Na kaburi la baba yako?

Mutegi aliinyoosha tai ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

— Mnunuzi ameahidi hatalima hapo juu.

Cicily alimwagia kila mtu kahawa, na Nyamu akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

Elphas alitoa daftari mfukoni, akalilaza gotini, akagusa ulimi kwa ncha ya kalamu.

— Korti imekaa, — alisema. — Nelius aangalie nini? Mimi naandika, Mwalimu atapiga picha amtumie. Tanki, anza. Mdubai atatusahihisha.

— Maji! — Kaberia hakungoja. — Jambo la kwanza ni maji. Nelius yuko ghorofa ya ngapi?

— Ishirini na mbili, — alisema Mutegi, kwa fahari kidogo.

— Ishirini na mbili! Maji hayapandi huko kwa mapenzi, Mwalimu. Kuna pampu. Siku pampu imelala, msichana wako anashuka na ndoo. Andika, Hakimu: aulize pampu.

— Pampu, — aliandika Elphas.

— Pili, choo. Fleti ni nini? Fleti ni wewe kulala chini ya choo cha mtu. Juu yako kuna familia kumi na nane, zote zinavuta maji saa kumi na mbili asubuhi. Bomba likiziba kwako, unapokea salamu za jengo zima.

— Wacha uchafu, watu wanakunywa, — alisema Cicily.

— Nasema ukweli wa kazi! Na tatu, Dubai ni mchanga. Mchanga unatembea. Nyumba inasonga hivi, kidogo kidogo, upana wa kidole kila mwaka. Unanunua ikiwa Dubai, watoto wako wanarithi ikiwa Omani. Sasa waombe viza ya kwenda kulala kwao.

Elphas aliinua kalamu.

— Hiyo siandiki.

— Andika! Utanikumbuka.

— Mimi nina swali zito kuliko hayo, — alisema Elphas, akikaza sauti aliyokuwa akiitia majina kortini. — Ile nyumba iko hewani. Ghorofa ya ishirini na mbili, umenunua nini? Umenunua hewa iliyozungushiwa ukuta. Udongo uko wapi? Mtu akifa, wanamzika wapi? Kwa baraza ya juu, kati ya maua na kamba ya nguo?

— Wanamrudisha nyumbani, — alisema Kaberia.

— Nyumbani gani? Si baba yake anauza leo?

Mutegi alikunywa kahawa yake kwa haraka, ikamchoma, akaishikilia mdomoni hadi ikapoa.

— Aulize kama anaweza kufuga kuku hata wawili, — alisema Cicily taratibu. — Na kama wataruhusu jiko la makaa siku ya kuchemsha githeri.

— Hawaruhusu, — alisema Nyamu.

Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo asubuhi ile. Wote walimgeukia.

— Aa! Mdubai amefufuka, — alisema Mutegi. — Sasa nisikie mtu aliyefika. Hawa wengine wanaona ndege ikipita tu juu.

Nyamu aliweka kikombe chini, kati ya viatu vyake. Alikuwa amepanga maneno hayo tangu ule mlio wa simu, neno juu ya neno, akijaribu kujenga ukuta wa kuzuia msichana asipite, bila yeye mwenyewe kuonekana nyuma yake.

— Kwanza aende ofisi ya ardhi ya kule, kwa miguu yake. Aulize kama hilo jengo linajulikana. Aulize kama mgeni ana ruhusa ya kumiliki nyumba mtaa huo, kwa sababu kuna mitaa ya wenyeji tu. Aulize ada ya jengo kila mwaka. Lifti, walinzi, kile kidimbwi cha kuogelea, vyote vinalipwa, hata kama hujui kuogelea. Kama fleti ni ya mitumba, aulize mwenye kuuza ana madeni gani humo. Kama bado inajengwa, pesa isiingie mfuko wa mtu. Iingie akaunti ya mradi, ile inayojulikana na serikali. Na ajenti aonyeshe kibali chake.

Kalamu ya Elphas ilikuwa ikikimbia.

— Hapo sasa ni sheria, — alisema. — Hapo nasikia harufu ya faili.

Lakini Mutegi alikuwa anatikisa kichwa, polepole, kama mwalimu aliyeona mwanafunzi mzuri akikosea hesabu rahisi.

— Mdubai, hayo yote wewe uliyafanya?

— Ningependa Nelius ayafanye.

— Nimeuliza wewe. Kwa sababu ulituambia hapa, hata Tanki alikuwa, kwamba hukuhangaika na ofisi. Ulisema mtu wa nyumbani alikupangia kila kitu, ukamlipa kidogo kidogo, fleti ukapata. Si ulisema?

— Alisema, — alisema Kaberia. — Nikamwonea wivu wiki nzima.

— Nilimwambia Nelius hivyo hivyo. Alikuwa anaogopa. Nikamwambia, Mzee Nyamu alipita njia hiyo hiyo na leo anakula kodi ya nyumba ameketi. Basi akatulia.

Nyamu alihisi baridi ya Julai ikiingia ndani ya shati. Aliukumbuka uzio. Kila Ijumaa ya mapumziko alikuwa akipanda basi kwenda kuutazama: mabati meupe yaliyozunguka mchanga, na juu yake bango la jengo refu, baba na mama na mtoto wakicheka dirishani. Miaka minne alilipia dirisha lile. Ijumaa moja akakuta bango limeng'olewa, na mabati, na mchanga umesawazishwa kama kitanda kilichotandikwa. Aliporudi Embu, watu walikuja kumpokea wakimwita Mdubai, wakamuuliza amejenga wapi. Akasema, nimenunua huko. Lilikuwa neno la jioni moja tu, la kujisitiri. Miaka minne baadaye, lilikuwa limemtuliza msichana wa watu.

— Ajenti wake ni nani? — aliuliza.

— Hata mimi sijaambiwa, — alisema Mutegi. — Ni kijana wa hapa hapa Embu, wako naye kikundi kimoja cha maombi. Alimwomba asitaje jina lake nyumbani mpaka mambo yakamilike, eti watu wa kwetu wana midomo. Nelius alimwuliza risiti, akacheka. Akamwambia, dadangu, sisi ni wa nyumbani, karatasi ni za wageni.

Nyamu alifumba macho. Maneno yalikuwa yale yale. Alikuwa ameambiwa hivyo kwenye kitanda cha chini, katika chumba cha watu wanane, na kijana aliyekuwa amelala cha juu, ambaye Nyamu mwenyewe alimwandikia barua ya kazi, akampokea uwanja wa ndege, akamnunulia shuka.

— Mwambie asilipe, — alisema.

— Sababu?

— Mwambie tu.

— Mdubai! — Mutegi alikuwa amekunja uso sasa. — Hutaki mtoto wangu akae karibu na fleti yako? Mtu akishafika juu anavuta ngazi?

— Wacha hasira, Mwalimu, — alisema Elphas. — Mimi pia nilimwandikia kijana wangu, nikamwambia achunguze hilo jengo la Nelius. Amejibu jana. Anasema ni jengo safi, alipe haraka fleti zisije zikaisha.

— Ona sasa! — Mutegi alipiga goti. — Watu wawili waliofika Ghuba. Mmoja anasema lipa, mwingine ana fleti na anasema usilipe. Nani nimwamini?

Ilikuwa saa tatu na nusu. Barabarani lori la majani ya muguka lilikuwa limesimama, na dereva wake, mtu mrefu wa Maua aitwaye Mohamud, alikuwa ameegemea nguzo ya kibanda akisubiri kahawa ipoe. Hakuwa mtu wa benchi. Alipita Embu mara moja kwa wiki, akanywa, akaenda.

— Samahani, wazee wangu, — alisema. — Mimi sijui mambo ya ghorofa. Najua magari. Nikinunua gari, kuna saa mtu ananiwekea ufunguo hapa. — Alifungua kiganja chake kikubwa. — Huyu mzee wa Dubai, wewe ufunguo wa fleti yako alikupa nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza hali ya barabara ya mbele. Mutegi alimtazama Nyamu. Cicily aliacha kumimina.

— Eh, kweli, — alisema Kaberia. — Hujawahi kutuonyesha hata picha ya mlango.

— Mdubai? — alisema Mutegi, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Sikupewa ufunguo, — alisema Nyamu.

— Wapangaji je?

— Hakuna wapangaji. Hakuna fleti. Kulikuwa na bango.

Manyunyu yaliendelea kupiga bati. Mutegi alianza kuilegeza tai, akaishia kuikaza zaidi.

— Miaka minne, — alisema. — Miaka minne unaketi hapa. Nimemtuma mtoto wangu kwa mdomo wako.

— Najua.

— Mama Nelius ananingoja stendi sasa hivi.

— Najua, Mwalimu.

— Basi huyo mwizi ni nani? Nelius hatanisikia bila jina! Nikimwambia ni uvumi wa kijiweni atalipa, yeye anamwamini kama ndugu. Nipe jina nimpigie sasa.

Mara nyingi usiku Nyamu alilala karibu na mke wake, jina hilo likiwa limekaa kwenye ulimi, na hakulisema. Aliwahi kulisikia likiitwa kanisani kwenye matangazo ya shukrani, akainamisha kichwa na waumini wengine.

Ni Elphas aliyeinuka mwisho wa benchi, akaja akaketi kando yake, akamwekea mkono begani. Mkono mzito, wenye joto la kikombe.

— Nyamu, — alisema, na hakumwita Mdubai. — Usiogope mtu. Mama yako alipolala mgonjwa miaka mitatu, nani alimpelekea uji? Ulipokosa ruhusa ya kuja, nani aliingia kaburini na sepetu? Mimi hapa. Nilikuzikia mama kwa mikono hii. Sasa utanificha mimi jina la mwizi?

Aligeuza ukurasa mpya wa daftari, akaandaa kalamu, akainyoosha shingo kama zamani mlangoni mwa mahakama.

— Taja, — alisema. — Naandika.

Nyamu aliutazama ule mkono begani mwake, kisha akamtazama Mutegi, aliyekuwa tayari ameshika simu, kidole juu ya namba ya Nelius.

— Muriithi, — alisema. — Muriithi wako, Elphas.