Bi. Nadhira Othmani na Marehemu 171 wa Kiriaini

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, Bi. Nadhira Othmani, Mkuu wa Kitengo cha Tathmini katika Mfuko wa Usawa wa Nyanda za Juu, ofisi ya Nyeri, anastaafu Jumanne tarehe 30 Juni 2026. Siku hiyo anatimiza miaka sitini, na ndiyo siku ambayo serikali hufunga mwaka wake wa fedha. Wengi tumempongeza kwa sadfa hiyo. Yeye anasema haamini mambo ya sadfa.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno mepesi. Nitajaribu. Mimi ni Moffat Nderitu, afisa wa takwimu, na kwa miaka kumi na minane meza yangu imetazamana na yake. Katika miaka hiyo yote hajawahi kupokea karatasi mkononi mwangu bila kuigeuza aone nyuma kuna nini. Mwanzoni nilinuna kweli kweli. Nilidhani labda ni kabila, labda ni dini, labda ni sura tu niliyopewa na Mungu. Baadaye nikaona hata risiti ya sukari anaigeuza, nikatulia.

Bi. Nadhira alizaliwa Majengo, hapa hapa mjini, binti wa fundi cherehani. Aliajiriwa Machi 1993 akiwa karani wa masjala katika ofisi ya ustawi wa jamii, akapanda ngazi pole pole, bila mjomba serikalini, hadi akakabidhiwa Tathmini. Katika ofisi ambamo sisi wengine tulizipa ngeli likizo ya kudumu, yeye alisahihisha barua za wakubwa kwa penseli na kuzirudisha kwa heshima zote. Kuna mkubwa mmoja aliyeacha kabisa kuandika barua akawa anapiga simu.

Mfuko wetu ulipoundwa, serikali iliuwekea malengo mawili. La kwanza, asilimia thelathini ya fedha iwafikie wasiojiweza, yaani wazee, wajane na watu wenye ulemavu. La pili, idadi ya wanaohitaji msaada ipungue kwa asilimia kumi kila mwaka. Sisi tuliyaandika ukutani kwa rangi ya kijani, tukapiga picha. Bi. Nadhira akainua mkono akauliza, thelathini ya nini? Ya fedha zilizopangwa au zilizotumika? Na mafuta ya gari linalompelekea mjane kilo mbili za mbegu, nayo yamemfikia mjane? Afisa aliyetoka Nairobi alisema swali ni zuri sana na litajibiwa baada ya chai. Chai ikanywewa, mandazi yakaisha, afisa akaenda zake.

Lakini lililomnyima raha hasa ni lengo la pili. Alisema maskini hupungua kwa njia mbili, kwa kuinuka au kwa kufutwa, na daftari haliwezi kuzitofautisha. Tulicheka. Tulisema Madam ameanza tena.

Tulicheka pia mwaka ule wa Kutus. Taarifa ilidai tumewainua wanawake wafanyabiashara mia tatu kwa mafunzo. Bi. Nadhira akaketi na orodha za mahudhurio siku mbili, miwani puani, kisha akapanda gari hadi sokoni kumtafuta mama mmoja muuza nyanya aitwaye Wangui. Ikawa Wangui huyo alihudhuria semina tano na akahesabiwa kama wanawake watano walioinuliwa. Mama wa watu hakuficha kitu. Alisema semina ni nzuri sana, soda ni baridi, na kuhusu kuinuliwa, yeye bado anauza nyanya pale pale, hata kiti hajabadilisha. Mia tatu wakawa sabini na wanane, na mkurugenzi wa wakati huo hakumsalimia Bi. Nadhira hadi Krismasi.

Sasa nifike pale ambapo maneno mepesi yananishinda.

Julai mwaka jana tuliletewa mashine za kusoma alama za vidole, ili kila mzee anayechukua posho yake ya mwezi athibitishe kuwa ni yeye na kwamba yu hai. Ambaye hakusomwa miezi mitatu mfululizo, mfumo ulimwandika marehemu wenyewe, bila kumuuliza mtu. Hatukuona ubaya. Tulikuwa tukiwatafuta wezi, na haki ya nani, wezi hawakukosekana. Aprili mwaka huu niliandaa taarifa. Idadi ya wanaohitaji msaada ilikuwa imeshuka vizuri ajabu, na lengo la pili lilifikiwa kwa asilimia mia moja na nne. Mkurugenzi alinunua keki. Nilipigwa makofi, nikapewa cheti, nikakipeleka nyumbani nikakitundika.

Bi. Nadhira alikula keki yake yote, kisha akaigeuza taarifa yangu. Akauliza, mbona upande wa Kiriaini peke yake wamekufa wazee 196 ndani ya miezi sita, na msiba tuliochangishwa ni mmoja tu?

Ambaye si wa huku huenda asielewe uzito wa swali hilo. Kwao Bi. Nadhira, mtu akifa asubuhi, kufikia Alasiri amekwisha kuzikwa. Sisi Wagikuyu hatuwezi kufa kimya kimya hivyo. Lazima kuwe na kamati, maombi ya kila jioni, hema, viti mia mbili, na ratiba yenye picha ya rangi. Katika ofisi hii haipiti wiki kabla hujatiwa katika kikundi cha WhatsApp cha mazishi ya shangazi wa mtu usiyemjua. Bi. Nadhira amechangia mazishi yetu miaka thelathini na mitatu, na anayaandika yote. Kutoka Kiriaini, kwa miezi hiyo sita, alikuwa amechangia mara moja.

Mei alinichukua, au niseme alinikokota, hadi Kiriaini. Hakwenda kwa chifu. Alikwenda moja kwa moja kwa Ben, kijana anayekodisha mahema na viti. Ben alilalamika kwamba biashara imelala. Ati tangu Oktoba amepeleka hema msibani mara kumi na mbili tu, na anafikiria kuuza viti afuge kuku. Bi. Nadhira alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Siku nane tulipanda na kushuka migongo ile ya vilima vya majani chai, mama wa miaka hamsini na tisa mbele, mimi nyuma nikihema. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Muchiri, miaka themanini na mmoja, aliyekuwa bondeni akichimba nduma, yaani magimbi. Tulimweleza kwa adabu kwamba kwa mujibu wa serikali amefariki. Akauliza, sasa hizi nduma ni nani anachimba? Kisha akatuonyesha mikono. Alichuma chai miaka arobaini na mitano, na ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama kijiko. Mashine haikuwa na cha kusoma. Na si yeye peke yake, jamani, ni mlima mzima wa wachuma chai. Tuliwapelekea mashine ya vidole watu waliomaliza vidole vyao kazini.

Ningeweza kustahimili hilo. Lakini mzee alituambia, akiwa ametazama pembeni, kwamba tangu Oktoba dawa ya presha anaigawa nusu nusu. Na kwamba mwanawe Ndungu, makanika wa Kenol, ndiye aliyekuwa akimchukulia posho tangu magoti yaanze kumsumbua, hadi ilipokuja mashine ikabidi aende mwenyewe. Posho ilipokatika, mzee alimshuku kijana kwamba amepanga njama na watu wa ofisi ili aile. Alimtukana mbele ya majirani. Miezi saba walikuwa hawajasemezana. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema mzee, na mimi niliyemla nilikuwa nimesimama mbele yake nikiwa na shajara na kalamu.

Katika wale 196, tuliwakuta 171 wakiwa hai. Kumi na wanne walikuwa wamekufa kweli, Mungu awalaze pema. Kumi na mmoja hatukuwapata. Bi. Nadhira aliandaa hati ya kuwarejesha hao 171, walipwe kwa kitambulisho na mashahidi wawili. Mkurugenzi akasema tusubiri mwaka wa fedha ufungwe, kwa sababu wakirudi sasa, asilimia mia moja na nne itashuka hadi thelathini na nane, na wakubwa wameshaitangaza. Bi. Nadhira akajibu kwamba wazee hawajui mwaka wa fedha unafungwa lini, wao wanajua dawa inaisha lini.

Wiki hiyo hiyo akapewa likizo ya kustaafu kuanzia tarehe mosi Juni. Siku hiyo hiyo fomu yake ya kuruhusiwa kuondoka, ambayo bila hiyo pensheni haitoki, ikapotea. Aliambiwa kwa upole kwamba akitia sahihi taarifa ya Aprili, huenda fomu ikaonekana. Hakuitia. Alifungua mkoba akatoa nakala tatu za fomu hiyo, zote zina mihuri, akaomba radhi kwa usumbufu.

Muhuri wa Tathmini ukaja kwangu, pamoja na karatasi mbili mezani. Moja ni ile taarifa yenye keki, nyingine ni hati ya wale 171. Nilijua natakiwa kutia sahihi ipi. Nilikaa nazo wiki tatu. Nina binti chuo kikuu, Lynn, mwaka wa pili, na mkopo wa sako, chama chetu cha akiba. Nilijiambia nasubiri ushauri. Huo ni uongo, nilikuwa naogopa.

Kisha nikapewa kazi hii ya kuandika wasifu. Niliandika vizuri hadi nikafika kwenye sentensi ambayo kila wasifu unayo, kwamba mstaafu anatuachia ofisi yenye uadilifu. Nikaiandika, nikaifuta. Nikaiandika tena. Kwa mara ya kwanza maishani niliigeuza karatasi yangu mwenyewe. Jumatatu saa nne asubuhi nilitia sahihi na muhuri kwenye hati ya wale 171, nikaituma Nairobi, na taarifa ya Aprili nikaandika juu yake kwamba si kweli na ni mimi niliyeiandika. Mkurugenzi atajua akisoma programu hii ya sherehe. Kwa kuwa kwa kawaida huishia ukurasa wa kwanza, tumeuweka wasifu huu kwenye wa tatu.

Nilimpigia Bi. Nadhira kumwarifu. Nilitarajia asante, sitaficha. Alitaka nimsomee majina yote 171, moja baada ya jingine, naye akihakiki kwenye nakala yake. Nilipomaliza alisema, haya, tutaona siku ya malipo.

Alimpigia pia Ndungu, kwa sababu Mzee Muchiri anaona haya kupiga mwenyewe. Kijana alisikiliza hadi mwisho, akasema amesikia, akakata simu. Posho tutairudisha. Hilo jingine, la baba na mwanawe, hakuna fomu ya kulirekebisha, na mimi ndiye niliyelifanya.

Bi. Nadhira anasema sasa atafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Nawahurumia hao kuku.

Bi. Nadhira, kwa niaba ya wenzako wa masjala, hesabu, nyanjani na jikoni, ahsante kwa kutusumbua miaka yote hii. Tunakuombea afya, usingizi usio na asilimia, wajukuu watiifu, na pensheni inayofika kwa tarehe yake. Hatukuombi utuamini. Malipo ya kwanza ya wale wazee ni Kiriaini, tarehe tano Agosti, saa mbili asubuhi. Njoo uhesabu, mama, na uje bila kutuarifu.