Damaris Kabibi Mwaro, Aliyewaonyesha Watu wa Mombasa Mwezi

Haya yameandikwa na familia yake, jinsi ilivyoweza, na yanasomwa na mdogo wake, Kazungu Sanga.

Marehemu Damaris Kabibi alizaliwa tarehe 12 Agosti 1972 hapa Ngomeni, mtoto wa tatu wa Mama Dorcas na marehemu Mzee Sanga Kalama, aliyekuwa mpishi katika kambi ya Waitaliano waliorusha roketi kutoka baharini. Mama Dorcas, ambaye tuko naye leo, hakuzipenda roketi hizo. Alisema zikiruka, kuku wake huacha kutaga. Kabibi yeye aliuliza zimekwenda wapi, na hakuna aliyemjibu akatosheka.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha shule ya upili ya wasichana mjini Malindi, alikomaliza mwaka 1990. Akasomea ualimu, na mwezi Januari 1995 akaanza kufundisha fizikia Mombasa. Alifundisha huko miaka ishirini na minane. Wanafunzi wake walimwogopa kidogo, wakamtembelea sana walipokuwa watu wazima.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani Malindi na Cliff Mwaro, mwendesha kreni bandarini. Walijaliwa watoto wawili, Kalama na Pamela.

Mwaka 2009 alipata darubini iliyokwisha kutumika. Akawa anaitoa Ijumaa moja kila mwezi na kuisimamisha katika uwanja wa kando ya bahari Mombasa, karibu na wauza mihogo, ili kila apitaye atazame bila malipo. Jioni moja alifika Bi Shekha, bibi wa Mji wa Kale. Damaris akamwamkia shikamoo, akamshika mkono, akamwinamishia darubini. Bi Shekha alitazama kitambo.

"Mwanangu, mbona mwezi una ndui?"

"Ni mashimo, Bibi. Uligongwa na mawe zamani, ukabaki hivyo."

"Maskini. Na huko juu hana hata wa kumuuguza."

Tangu hapo Bi Shekha hakukosa Ijumaa hata moja mpaka alipofariki, na kila akija huuliza hali ya mgonjwa.

Linalofuata Pamela ameomba lisomwe wazi, lisipunguzwe.

Jumapili tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa. Damaris alikuwa ametangaza mashuleni na makanisani, na watu wakaja kuliko alivyotazamia. Miwani ya kutazamia jua haikutosha. Alizunguka uwanja mzima akiwapokezanisha watu miwani na kuwageuza uso watoto waliotazama juu kwa macho matupu. Pamela alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alimpa miwani yake mtoto aliyekuwa akilia, kisha akatazama jua kwa jicho moja, akidhani jicho moja si neno. Asubuhi yake alimwambia mama yake kuwa kuna doa ukutani. Daktari wa macho alisema ndani ya jicho la kulia pameungua, na dawa hakuna. Hadi leo, Pamela akikutazama kwa jicho hilo huona masikio yako, uso hauoni.

Walipotoka kwa daktari, Cliff alimwambia mkewe, "Umechunga watoto wa wenzako." Hakulirudia tena neno hilo. Damaris aliizungushia darubini leso, akaiweka nyuma ya kabati. Aliendelea kufundisha, kupika na kwenda kanisani. Watu waliomuuliza kuhusu Ijumaa zake aliwaambia ana kazi nyingi. Alipotoka nje usiku alitazama alipokanyaga. Ikawa hivyo miaka mitano karibu.

Mwezi Julai 2018 ikasikika kuwa mwezi utapatwa. Pamela, wakati huo akiwa kidato cha pili, aliivuta darubini mwenyewe kutoka nyuma ya kabati.

"Irudishe," mama yake akamwambia.

"Mwezi hauchomi mtu, Mama."

"Nimesema irudishe."

"Jicho ni langu. Mimi nataka twende."

Damaris alikaa kitandani. Aliyesimama ni Cliff. Aliibeba darubini begani mpaka uwanjani, akakaa kando yake hadi watu wa mwisho walipoondoka. Ijumaa zikarudi. Kupatwa kwa jua Damaris hakukutangaza tena.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa za mshipa, akapata nafuu ya mwaka mmoja, kisha ugonjwa ukaingia mifupani. Juni mwaka huu aliomba aletwe kwa mama yake, Ngomeni. Jumapili tarehe 7 Septemba mwezi ulipatwa tena, na Pamela ndiye aliyesimamisha darubini Mombasa. Damaris aliutazama mwezi huohuo akiwa barazani, amefunikwa blanketi, simu sikioni.

"Watu ni wengi?"

"Wengi, Mama. Foleni imefika kwa wauza mihogo."

"Na miwani?"

"Mama, huu ni mwezi."

"Najua. Nimeuliza tu."

Akamwambia asikate simu. Alisikiliza kelele za watu mpaka salio likaisha.

Alifariki Jumanne tarehe 30 Septemba 2025, alfajiri, katika nyumba ya mama yake. Hakulalamika. Cliff alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mikono ilikuwa ikimuuma.

Ameacha mama mzazi, Dorcas; ndugu watano; watoto wake, Kalama na Pamela; na mumewe, Cliff Mwaro. Mzee Cliff aliulizwa kama ana neno la kutia hapa. Alisema hana. Tangu Jumanne ile humimina chai vikombe viwili, na sisi hakuna aliyethubutu kumwondolea kimoja.

Mungu ampokee Damaris Kabibi, ampe pumziko lenye amani.