Mheshimiwa Jeconia Omolo, Mwana wa Kambi ya Mkonge (1961–2025)

Tunayemsindikiza leo ni Jeconia Omolo, aliyekuwa Mwakilishi Wadi wetu katika Bunge la Kaunti ya Taita Taveta. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kule Ugenya, kifungua mimba wa Mzee Omolo Ogada na Mama Nasimiyu. Mwaka wa 1968 walipanda gari moshi wakashuka Voi. Mzee aliandikwa kazi ya kukata mkonge katika shamba moja nje ya mji, na familia ikapewa chumba kambini. Jeconia alikulia hapo. Alipenda kusema kwamba Kijaluo alifundishwa na baba, Kibukusu na mama, Kikamba na majirani, na Kidawida, lugha ya wenyeji wa Taita, alifundishwa kwa kuchekwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Voi, kisha akafaulu kwenda sekondari Wundanyi. Hakuna mtoto wa kambi ile aliyekuwa amefika huko kabla yake. Mzee Omolo alimsindikiza mpaka stendi akamwambia, "Wewe soma. Panga niachie mimi."

Mwezi wa Juni 1979, Jeconia akiwa kidato cha nne, Mzee Omolo aliugua ghafla akafa. Mama Nasimiyu alikuwa Bungoma akimuuguza mama yake. Karani wa kambi hakumtuma mtu Wundanyi wala hakupiga simu shuleni. Aliamuru maiti izikwe siku hiyo hiyo, na chumba akampa mfanyakazi mwingine. Jeconia alipata habari kwa dereva wa lori la maboga. Alipofika kambini alikuta godoro na sufuria za mama yake zimetupwa nje, kuku wanachakura juu yake.

Karani huyo alikuwa kijana, jina lake Donald. Ndiye huyu Mheshimiwa Donald ambaye nyote mnamjua.

Jeconia alimuuliza baba yake amezikwa wapi. Donald akamjibu, "Huko makongeni. Watu wa kuja hamna makaburi hapa. Nimesahau."

Mama aliporudi kutoka Bungoma, yeye na Jeconia walitembea kati ya mistari ya mkonge wakitafuta udongo mpya, lakini shamba lilikuwa limelimwa upya upande mzima. Hawakuona kitu. Mama Nasimiyu alifariki mwaka wa 2003, akimuuliza mwanawe swali lile lile. Tangu siku ile ya kambini, marehemu hakuwahi kumsamehe Donald, wala hakujifanya amemsamehe. Yeye mwenyewe aliagiza jambo hili lisemwe mbele ya jeneza lake bila kupakwa asali.

Mwaka wa 1982 aliajiriwa na reli katika genge la kutengeneza njia, akapanda hadi kuwa msimamizi na mtetezi wa wafanyakazi katika chama chao. Alipopunguzwa kazini mwaka wa 2006, alifungua karakana ya matairi pale Miasenyi, kando ya barabara kuu. Madereva wa malori walimpenda kwa sababu alikuwa akiwasikiliza huku akifanya kazi, na wafanyabiashara wa hapo, wakiongozwa na Mama Mukonyo muuza nyanya, ndio waliomwambia kwanza agombee.

Mnamo Agosti 1986 alimwoa Tryphena, binti wa Wundanyi. Siku ya posa, Jeconia alisimama mbele ya wakwe akajaribu kusema kwa Kidawida kwamba amekuja kuomba mtoto. Ulimi ukateleza, ikasikika kwamba amekuja kununua mbuzi. Shangazi yake Tryphena, Rachel, ndiye aliyemwokoa. "Mbuzi tunao wengi," alisema, "lakini huyu unayemwangalia hauzwi. Keti ule, tutakufundisha kuongea." Akaketi, akala, na Kidawida akakijua mpaka akawa anawasahihisha mashemeji zake.

Mwaka wa 2013 wananchi walimchagua kuwa mmoja wa wabunge wa kwanza wa kaunti hii. Alipoingia ukumbini siku ya kuapishwa, aliyeketi upande wa pili alikuwa Donald, aliyechaguliwa na wadi jirani. Tryphena anakumbuka kwamba mumewe alirudi nyumbani jioni hiyo amechangamka kama bwana harusi. "Mungu amemleta karibu," alisema.

Kiwanja cha ile kambi, pamoja na kipande cha mkonge kilichopakana nayo, kilikuwa kimeachiwa wafanyakazi wa zamani wa mkonge, ila Donald alikichukua akajenga gesti juu yake. Jeconia aliwasilisha hoja kwamba kiwanja kirudishwe. Kabla hajamaliza kusoma, Donald alisimama. "Bwana Spika, naomba mheshimiwa atuambie kwanza yeye ni wa wapi."

Wengine walicheka. Jeconia aliweka karatasi chini. "Bwana Spika, mimi ni wa pale huyu bwana alipomzika baba yangu. Akituambia ni wapi, nami nitamwambia mimi ni wa wapi."

Aliagizwa aondoe maneno hayo. Alikataa. Akatolewa ukumbini na kusimamishwa vikao, na hoja ikaanguka. Mwaka uliofuata aliirudisha. Safari hii alikuwa amewatembelea wabunge mmoja mmoja nyumbani kwao, akawaletea wazee wa kambi waeleze wenyewe. Hoja ikapita.

Februari 2016 tingatinga lilifika kubomoa gesti. Jeconia alikuwa hapo toka asubuhi, amevaa suti ya Bunge. Mchana Tryphena alimfuata na chakula. "Baba Branice, twende nyumbani sasa. Umeshashinda."

"Bado ukuta wa nyuma."

"Ukuta utaanguka hata usipouangalia."

"Najua," alisema, na hakuondoka. Ukuta ulipoanguka alikula chakula chake chote kwa utaratibu, kimeshapoa.

Donald hakulala. Uchaguzi wa 2017 alizunguka wadi yetu na kipaza sauti akisema mgeni arudi kwao, na Jeconia akashindwa. Miaka mitano hiyo alirudi kwenye matairi. Tryphena alichoka kusikia jina la Donald mezani. "Mtu huyu hajawahi kula chakula changu," alimwambia siku moja, "lakini hakuna mlo asiokuwepo." Marehemu aliomba radhi kwa hilo, ila hakuacha.

Mwaka wa 2022 alishinda tena. Hakutosheka na ushindi wake. Alivuka mpaka wa wadi akamfanyia kampeni mpinzani wa Donald, boma kwa boma mpaka Makwasinyi, akizungumza Kidawida bora kuliko Donald mwenyewe. Donald alianguka vibaya. Mwanahabari alipomuuliza Jeconia ana ujumbe gani kwa mwenzake, alijibu, "Mwambieni arudi kwao. Bahati yake, si mbali."

Mwishoni mwa 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alikuwa akipelekwa Mombasa kusafishwa damu, na akirudi alienda kikaoni akiwa ameegemea bega la mwanawe Festus. Machi mwaka huu, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, Donald alikuja nyumbani pamoja na Mchungaji Thadeus. Alisema amekuja kuomba msamaha.

"Wapi?" Jeconia aliuliza.

Donald aliangalia chini. Kisha akasema: ni chini ya ile gesti iliyobomolewa, upande wa baa. Alijua hivyo alipokuwa akichimba msingi, mifupa ilipoonekana.

Tryphena ndiye aliyelia. Jeconia akasema, "Asante kwa kunionyesha. Msamaha sina."

"Mheshimiwa," mchungaji alisema taratibu, "mtu amekuja kwa unyenyekevu."

"Amekuja kwa sababu ninakufa, Mchungaji. Mama yangu alipokuwa hai, njia ya hapa alikuwa haijui?"

Kibali kilipatikana, na mwezi wa Aprili Festus na wazee wa kambi walichimba mahali walipoonyeshwa. Walimkuta Mzee Omolo amelazwa bila sanduku. Jeconia aliletwa kwa gari, mlango ukafunguliwa, akaona baba yake akizikwa tena kwa sala na jina lake likiwa juu ya msalaba. Kisha wakarudi nyumbani. Hapo alimwambia Tryphena ana njaa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa majuma mengi.

Ndugu zetu wa Ugenya walitaka arudishwe nyumbani. Aliwaomba radhi, akawaambia atalala kambini, kando ya mzee wake. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, hospitalini hapa Voi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Aliacha agizo moja kuhusu siku ya leo, nayo familia inalitimiza. Mheshimiwa Donald amewekewa kiti mstari wa mbele na asisumbuliwe na mtu. Hatahutubia, hatasoma rambirambi, wala hatatupa udongo. Aketi tu, asikie, mpaka kaburi lifunikwe.

Marehemu amemwacha mjane, Tryphena; watoto Branice, Festus na Teresia; ndugu yake Tom; wajukuu wanne; Shangazi Rachel; na wazee wa kambi waliobaki.

Katika uhai wake alidai haki na hakuomba amani. Sasa Mungu wake, anayejua yaliyo chini ya kila msingi, ampe zote mbili. Lala, Baba.